Mdogo Wangu, Mwonjaji wa Mama

Kwetu pombe haikuonjwa na mtu mzima. Mama alikuwa akisema mtu mzima ni mwongo: ukimpa kikombe atakwambia imeiva hata kama ni uji wa jana, kwa sababu akili yake iko kwenye kikombe cha pili. Mtoto ndiye haongopi. Mpe togwa, atalamba mdomo. Mpe komoni, pombe yetu ya mahindi, atakunja uso kama aliyemezeshwa kwinini. Kwa hiyo siku chache baada ya kuchanganya kimea na uji wa mahindi kwenye pipa, mama aliita mtoto, akamwekea kata mdomoni, na wala hakumuuliza kitu. Alimtazama uso tu. Uso ukijikunja, basi togwa imeshavuka, sasa ni pombe, wateja waitwe.

Mama aliukuta utaratibu huo kwa mama yake. Nyumba nyingi za kijijini kwetu, huko juu Mbozi kwenye kahawa, ukishuka Mlowo unapanda na pikipiki, zilikuwa na mtoto wa kuonja. Hakuna aliyeona kosa. Ilikuwa kazi kama kuchota maji, au kufukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa.

Mimi nilijaribiwa kwanza, nikafeli. Naambiwa nilicheka. Nikipewa togwa nacheka, nikipewa pombe nacheka, mpaka mama akachoka. "Huyu uso wake haufai," alisema. "Anacheka hata akipewa dawa ya minyoo." Kazi ikaenda kwa mdogo wangu wa kiume, anayenifuata, na yeye alizaliwa nayo. Uso wake ulikuwa unajikunja kuanzia paji mpaka kidevu, jicho moja linafumba, ulimi unatoka nje. Wageni walikuja kuangalia. Wakati wa kuchuma kahawa, majirani wakija kutusaidia na malipo yao ni pombe, walikuwa wanaweka ndoo chini na kusema, "Mwite fundi, tumwone." Fundi anakuja, ana miaka sita, kaptula imeshikwa na pini, anaonja, anakunja uso, shamba zima linapiga makofi.

Nataka niseme ukweli kuhusu makofi yale. Shuleni mdogo wangu hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Nyumbani alikuwa mtoto wa kati, na mtoto wa kati anaweza kukaa wiki nzima bila mtu kumwita jina. Baba yetu ni mtu mwema lakini sifa zilikuwa hazimtoki kirahisi. Nadhani mimi amenisifu mara moja, tena kwa kupika ugali. Lakini siku ya kuonja, baba alikuwa anatoka ndani, anaegemea mlango, anasema, "Huyu ana ulimi." Na mdogo wangu alikuwa anarefuka hapo hapo, unaona kabisa kifua kinajaa. Sasa mtoto akipata kitu kimoja tu kinachomfanya baba yake aegemee mlango na kumtazama, unadhani atakiacha?

Alipofika darasa la sita, ulimi ukaanza kutudanganya. Mama alimwekea kata, akamtazama, uso ukakaa palepale kama maji ya kisimani.

"Bado?" mama akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anamuuliza.

"Bado, mama. Bado tamu tamu. Ongeza siku."

Kesho yake tena, bado. Keshokutwa yake, bado, na mara hii aliomba kata ya pili ili ahakikishe. Mama alipokuja kuita wateja, mzee mmoja alikunywa funda moja akalitema kwenye mgomba. "Mama, leo umetuuzia dawa ya kusafishia masufuria?" Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama alimpiga mdogo wangu konzi ya mapenzi kichwani, akasema ulimi umekua, umekuwa mgumu, basi, kazi imekwisha. Akachukuliwa mtoto wa jirani.

Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtoto wa darasa la sita anywe kitu kilichomshinda mzee wa kilabuni na uso wake usitikisike. Tuliona ulimi umeharibika, kama chekecheo lililotoboka, ukalitupa ukanunua jingine. Mtoto mwenyewe hatukumwona. Mimi nikikumbuka kicheko changu cha siku ile huwa natamani kingekuwa kitu cha kushikika, nikirudishe.

Baada ya kidato cha nne matokeo yangu yalikuwa ya kuficha, nikashuka Tunduma kujifunza kusuka. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mtu wa ndoto. Nilipofika nikaona malori yamepangana kutoka mpakani kurudi nyuma mpaka macho yanachoka, watu wanaongea Kiswahili, Kinamwanga, Kibemba, Kiingereza cha kuombea chenji, nikasema hapa ndipo pangu. Nilikuwa nimeshapanga saluni yangu: vioo vikubwa ukuta mzima, viti vya kuzunguka, redio, wateja wa kutoka ng'ambo ninawapokea kwa salamu yao ya "Mulishani!" na wananijibu. Na katika ndoto hiyo mdogo wangu alikuwa fundi wa magari, ana gereji yake mkabala na saluni. Mwenyewe sikuwahi kumuuliza kama anataka gereji.

Habari za nyumbani zilinifikia kwa simu. Ameanza kidato cha kwanza, anatoroka. Ameingia cha pili, ananuka. Mama alikuwa ananiambia kwa sauti ya chini kama vile majirani wako ndani ya simu.

"Baba anasemaje?" nikauliza.

"Baba yako amesema nimwambie mtoto aache."

"Sasa si amwambie mwenyewe?"

"We naye! Baba na mwanawe wa kiume waongee mambo ya pombe?"

Ni kweli, kwetu haikuwa desturi. Baba anaongea na mtoto wake kuhusu mbolea, ng'ombe, ada ya shule. Mambo ya pombe, wasichana na miili yana mjomba. Na maneno ya baba yalikuwa yanasafiri: yanatoka kwake makali, yanapita kwa mama yanalainika, yakifika kwa mtoto ni kama salamu tu. Mara nyingine yalipitia kwangu. Mama ananiambia, "Mwambie baba amekasirika sana," mimi napiga simu namwambia mdogo wangu, "Oya, mzee kanuna huko, punguza," tunacheka, tunaongea mpira.

Basi mjomba akaitwa. Mjomba wetu ni mcheshi, anapendwa na watu, na ni mnywaji mkubwa. Akasema jambo la kiume haliongelewi jikoni. Akamchukua mpwa wake wakaenda kukaa mahali pa wanaume. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia baadaye, huku anacheka mwenyewe.

"Mjomba kanipeleka kilabuni, dada. Kaniambia pombe ni mbaya. Kaniambia hivyo hivyo mpaka jagi likaisha."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa namsikiliza. Ukikaa na mkubwa anakunywa, wewe utakaa mkono mtupu? Si atasema namdharau?"

Nilicheka tena. Nisamehewe, ilikuwa inachekesha.

Likizo ya mwezi wa sita mama akaamua amlete Tunduma kwangu, abadilishe upepo, aachane na makundi ya kijijini. Yaani tulimtoa kwenye pipa la komoni tukamleta mpakani. Sisemi hivi kumlaumu mama. Kichwani mwake mjini ndipo kwenye shule nzuri na umeme, na kwa dada yake mkubwa ndipo kwenye usalama. Na mimi nilipiga vigelegele. Nilifagia chumba changu cha kupanga, nikanunua godoro dogo, nikaweka pazia katikati.

Wiki ya kwanza alikaa nami saluni akachoka na stori za wanawake. Ya pili akapata kibarua kwenye foleni ya malori. Dereva aliyekaa siku nyingi foleni anataka kwenda kuoga, kula, kulala kitanda cha kweli; anamwacha kijana akae kwenye lori, aangalie turubai lisichanwe na mafuta yasinyonywe. Kijana mwaminifu hakosi kazi. Mdogo wangu alikuwa mwaminifu, hakuiba hata boliti. Lakini kukaa kwenye lori lililosimama, jua linakuja, jua linaondoka, huna cha kufanya, wenzako wa rika lako wamekaa kwenye malori ya mbele na nyuma, hilo lenyewe ni ugonjwa. Na huko pombe kali haiko mbali. Viroba, ile pombe ya pakiti, vilipigwa marufuku, lakini mpakani vitu vilivyopigwa marufuku huwa vinapita miguuni mwa watu kama paka. Kuna vichupa vidogo vinavyoingia mfukoni. Kuna bangi. Dereva mwingine anakulipa nusu pesa, nusu kichupa, na anaona amekupa heshima, amekuhesabu mwanaume.

Dalili nilizipata zote. Alianza kulala mchana mpaka udenda. Alibadilisha marafiki, wale wa kwanza waliokuwa wanakuja mlangoni kuniamkia wakapotea, wakaja ambao wanapiga mluzi nje na hawaingii. Macho mekundu, kanunua dawa ya macho. Ukimuuliza kitu kidogo, moto. Chakula anakichezea. Na pipi za minti, mfuko mzima.

Mama mwenye nyumba wangu, mjane wa Kinamwanga asiyekwepesha maneno, alinisimamisha uani nikiwa nafua.

"Binti, huyo mdogo wako pipi anakula kama mjamzito anavyokula udongo. Ana mimba?"

"Ah, mama, ni mtoto tu, anapenda vitamu."

"Vitamu! Mimi mume wangu alipenda vitamu hivyo hivyo mpaka nikamzika. Mnuse."

"Nimnuse mdogo wangu?"

"Mnuse. Mkumbatie, mnuse. Si ndugu yako?"

Sikumnusa. Niliona kama kumvua nguo. Niliamua kwamba anachoka kwa kazi, anakua, wavulana wakikua ndivyo walivyo. Nilikuwa na sababu nzuri kwa kila dalili, na zote nilizitengeneza mwenyewe kwa furaha kabisa, kama mtu anayeshona gauni.

Tena kuna jioni moja alinifungulia mlango. Tulikuwa tunakula ugali na dagaa, redio inaimba, akaniuliza bila kuniangalia:

"Dada, wewe hujawahi kunywa?"

"Mimi? Nikinywa si nitacheka mpaka nizimie!"

"Lakini kama mtu ameshaanza... huwa anaachaje?"

"Anaacha tu. Anasema basi. Kwani pombe imemfunga kamba?"

Akatingisha kichwa. "Eh. Kweli." Akamaliza tonge lake, akaniambia asante kwa chakula, akatoka.

Mdogo wangu hakuwa na tabia ya kusema asante kwa chakula. Sasa ndiyo naona alikuwa amekuja na swali lake zima mkononi, kalileta mpaka kwenye sahani yangu, nami nikalipiga teke kwa utani. Kama ningenyamaza tu. Hata bila hekima yoyote, kama ningesema, "Mtu gani huyo? Niambie," labda angeniambia.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza vizuri, nina mteja nusu kichwa kimesukwa. Foleni ilikuwa inataka kusogea. Kabla lori halijatembea, utingo huwa anashuka na rungu anazunguka anagonga matairi, moja baada ya jingine, anasikiliza kama yana upepo. Utingo wa lori moja la Zambia akagonga la kwanza, la pili, akainama kugonga la ndani, rungu likagota kitu laini. Alikuwa mdogo wangu. Amelala kivulini chini ya tela, kichwa kimeegemea tairi, kichupa kiko kifuani. Injini ilikuwa imeshawashwa.

Utingo alipiga yowe, dereva akazima. Waliokuja kuniita walikuwa wanakimbia, nikajua ni kifo. Nilimwacha mteja na nusu kichwa chake nikakimbia na kitana mkononi. Nilimkuta amelazwa pembeni ya barabara, kaloa mkojo, anapumua. Dereva, baba mtu mzima, amekaa chini kwenye vumbi, anasema Kibemba ambacho sikukielewa, halafu kwa Kiswahili chake: "Ningemuua. Dada, ningemuua mtoto wa mtu." Nilikuwa namwambia pole, yeye ananiambia pole, tukawa tunapeana pole kama wajinga.

Zahanati walimtundikia dripu. Mama alifika mchana na basi kutoka Mlowo, kanga moja amejifunga, nyingine kaisahau nyumbani. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, alituita kibandani nyuma tukakaa kwenye benchi. Mdogo wangu yuko ndani amelala.

"Mama, mara ya kwanza alionja wapi? Unajua?"

Mama akakaza fundo la kanga yake.

"Sikuulizi nikuhukumu. Nataka kujua alianza lini. Anayeanza mdogo, mwili unazoea kabla akili haijakomaa, kumtoa huko kunakuwa kazi."

"Alianza kwangu," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwekea kata mdomoni. Alikuwa hajaingia hata darasa la kwanza." Akaeleza yote, mpaka makofi ya shambani. Sijawahi kumsikia mama akiongea hivyo mbele ya mgeni. Alipomaliza akauliza, "Nimemuua?"

"Hajafa, mama. Yuko pale." Muuguzi akamshika goti. "Nikuambie kitu kimoja. Msimpige, na msimfukuze. Ukimfukuza anarudi palepale chini ya lori. Anahitaji mtu wa nyumbani wa kuongea naye, siyo siku moja kama hukumu, kila siku, hata mambo madogo madogo, na mtu huyo awe anasikiliza kuliko anavyosema. Na nyumbani penyewe pabadilike, aone. Mtoto hasikii tunachosema, anaangalia tunachofanya. Baba yake yuko?"

"Yuko."

"Mbona hakuja?"

Mama alinitazama mimi, kana kwamba jibu liko kwangu. "Yuko kwenye kahawa," akasema.

Akarudi naye nyumbani. Na mama, lazima nimsifu, aliacha kupika. Pombe ndiyo ilikuwa inalipa ada zetu wote, lakini aliacha. Mapipa akayageuzia mdomo chini nyuma ya nyumba, wateja wakaja kumbembeleza, akawaambia kimea kimemkataa. Akaanza kuuza maandazi ambayo hakuna aliyeyataka. Lakini baba aliendelea kwenda kilabuni kila Jumamosi, anarudi na wimbo. Na bado alikuwa hajamwambia mwanawe neno. Alikuwa anampa kazi tu. Palilia hapa. Kata matawi yale. Wanakaa shambani wawili kutwa, wanaongea na miche.

Mdogo wangu alijitahidi, miezi kadhaa. Alirudi shule. Nilipomtembelea alikuwa amenenepa mashavu. Tukiwa tunaanua kahawa akaniambia, bila hasira, kama anayeeleza hesabu:

"Mama kaacha kupika. Baba hajaacha kunywa. Mimi ndiyo nimeacha. Kwani mgonjwa ni mimi peke yangu?"

"Wewe vumilia tu."

"Navumilia. Lakini Jumamosi akirudi ananukia vizuri, dada."

Nilimwambia mama, mama akamwambia baba, nadhani. Sijui yalifika yakiwa yamebaki nini. Kahawa ilipoisha mdogo wangu aliondoka na vijana wawili waliomzidi umri, wakaenda Saza kwenye dhahabu. Hakuaga. Alimwachia mama daftari na sare zimekunjwa vizuri kitandani, kitu kilichomuumiza mama kuliko kama angezitupa.

Nimesema baba yetu ni mtu mwema. Siku ile alikaa nje mpaka giza. Jumamosi ikafika, hakwenda kilabuni. Ya pili akaenda, akarudi mapema, hana wimbo. Kisha akanipigia simu, yeye mwenyewe, mtu ambaye simu zake zote hupigiwa na mama.

"Unaijua njia ya Saza?"

"Siijui, baba. Tutauliza."

Tulikwenda wawili. Unatoka kwetu kwenye baridi umevaa sweta, unashuka, unabadilisha gari, unashuka, sweta linaingia kwenye mfuko, na bado joto linakuja tu. Baba alikuwa ameshikilia kiroba cha viazi vitamu na ndizi magotini, hakukiweka chini njia nzima. Tuliuliza hapa na pale mpaka tukaelekezwa kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kelele zake, mtu anaongea na wewe unaona mdomo tu. Vijana wote walikuwa weupe kwa vumbi, nyusi mpaka kope. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyetutambua, akaja anajipangusa mikono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Tukasogea nyuma ya kibanda kimoja ambako kelele inapungua. Baba akakaa juu ya gunia la mchanga, mdogo wangu akachuchumaa, mimi nikasimama. Nilikuwa tayari kusaidia, maana nilizoea kuwa daraja. Baba akakiweka kiroba kati ya miguu yake.

"Mama yako anakusalimia."

"Asante."

"Na mjomba wako."

"Huyo bado ananishauri?"

Tulicheka wote watatu, hata baba, na vumbi likatuingia tukakohoa. Kisha baba akasema, huku anashika kamba ya kiroba:

"Nilimtuma mjomba kwa sababu ningekuja mimi mwenyewe ungeninusa."

Mdogo wangu akainua uso, akamtazama.

"Ningekuambia acha, na wewe ungeninusa. Nikaona bora aende mtu mwingine. Mama yako, dada yako hapa. Kila mtu aende, mimi nisiende." Akaizungusha kamba kidoleni. "Na ulipokuwa mdogo nilikuwa natoka kukuangalia ukionja. Nilikuwa nafurahi. Sikuwa na kingine cha kukusifu? Ulikuwa nacho kingi. Ulikuwa unapanga kuni vizuri. Ndama walikuwa wanakufuata. Sikusema."

"Baba, umeacha?"

"Sijaacha yote. Nimepunguza. Sitaki nikudanganye."

"Na mimi sijaacha."

"Najua. Nimeona macho."

Karasha moja likazimwa, kelele ikapungua, na ndugu yangu akasema kitu ambacho nakisikia mpaka leo, tena kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto: "Haya ungeniambia nikiwa darasa la sita, baba."

"Ndiyo," baba akasema. Hakutafuta neno lingine la kuweka hapo. "Ndiyo. Turudi nyumbani."

"Siwezi."

"Sikusema leo."

Mdogo wangu akachora chini kwa kidole, akafuta, akachora. Nilitaka sana niseme kitu cha kufurahisha, nimwambie kuhusu gereji, kuhusu saluni, nimvute na ndoto zangu nimtoe mle kwenye vumbi. Niliziba mdomo kwa mkono, kweli kabisa, kama mtoto darasani.

"Naweza kuja tena?" baba akamuuliza. Nimewaza sana kuhusu swali hilo, baba akimwomba ruhusa mwanawe.

"Njia si umeshaijua."

"Jumapili?"

"Jumapili wewe unaimba kwaya."

"Wataimba. Besi wako wengi."

Akampa kiroba. Tukapanda gari la kurudi wawili, na baba alikaa dirishani anaiangalia njia mpaka baridi ilipoanza.

Jumapili iliyofuata alikwenda. Na iliyofuata. Mdogo wangu bado yuko Saza hadi ninapoandika. Kuna siku baba anamkuta mzima, wanakula pamoja, wanaongea, baba anarudi ana uso wa mtu aliyeoga. Kuna siku anamkuta amezima, kalala kwenye kibanda cha maturubai na viatu miguuni, wala hajui kama baba yake amekuja. Siku hizo baba anakaa pembeni yake mpaka gari la mwisho, anamwachia chakula kwa mwenzake, anarudi.

Nilimuuliza huwa anafanya nini muda wote huo.

"Naongea."

"Unaongea na nani, baba, si kalala?"

"Naongea naye hivyo hivyo," alisema. "Nimechelewa mno, mwanangu. Siwezi tena kusubiri aamke."